Bitiruti za Mama Chupa Hazionjwi

Mama Chupa alikuwa na sheria nyingi za bitiruti, na zote alizitoa akiwa amekaa. Magoti yake yalikuwa yamestaafu bila kumuaga, kwa hiyo mwaka huu kazi ya kusimama alimwachia mkaza mwana wake, na kazi ya kusema akabaki nayo mwenyewe. Aliweka kiti kati ya jiko na dirisha, mahali ambapo hapiti mtu bila kumgusa magoti hayo hayo, akakunja mikono.

"Usiikate mkia," alisema. "Na juu iachie shina, urefu wa kidole gumba. Ukiikata karibu inavuja damu yote ndani ya sufuria, unabaki na kitu kimepauka kama uso wa mgonjwa."

Mke wa Fundi alisikia neno damu, na kisu kikasimama mkononi. Kisha kikaendelea.

Walimwita Mke wa Fundi kwa sababu mumewe alikuwa fundi wa friji, na mtaa ule ulikuwa na mazoea ya kumtambua mwanamke kwa bisibisi za mumewe. Mwenyewe hakujali. Siku hizi mambo mengi hakuyajali, kwa kuwa alikuwa na moja lililomjaa kiasi cha kutobakiza nafasi. Alikuwa mjamzito, na hakuna aliyejua. Mama mkwe hakujua, jirani hakujua, hata Fundi mwenyewe aliyehusika hakujua.

Mara iliyopita walijua wote. Alimwambia mumewe chumbani, mumewe akamwambia mama yake jikoni, mama yake akauambia ulimwengu. Mama Chupa si mtu mbaya, msinielewe vibaya, ila habari njema ndani ya kinywa chake ni kama uji wa moto: kuumeza hawezi, kuuweka hawezi, lazima utoke. Kabla wiki haijaisha muuza sabuni alikuwa akimpunguzia bei mama kijacho. Halafu mimba ikatoka. Ilianza na rangi kidogo tu, asubuhi, chooni, akajipa moyo kwamba si kitu, na jioni yake hakukuwa na mimba. Watu wakaja, wakasema pole, wakala, wakaondoka. Muuza sabuni peke yake ndiye habari haikumfikia. Miezi ikapita, na siku moja, mbele ya wateja, kwa uso wa furaha kabisa, akamuuliza, "Mtoto hajambo?"

"Hajambo," alijibu Mke wa Fundi. Akachukua sabuni yake, na tangu siku hiyo akawa ananunua sabuni mtaa wa pili.

Ndiyo maana safari hii alifunga mdomo. Alijiapia kwamba hii hataijua mtu mpaka yenyewe ijitokeze mbele ya gauni, iseme hodi. Fundi angemwambia, lakini Fundi hana kufuli. Ukimpa siri asubuhi, mchana mama yake anayo. Kwa hiyo alitapika bomba likiwa wazi, alilala mchana akisingizia kichwa, na kila aingiapo chooni alitazama kwanza, kisha ndipo akapumua.

"Unawaza nini?" aliuliza Mama Chupa.

"Nawaza kama hizi zitatosha chupa."

"Chupa hazijawahi kuwa tatizo la nyumba hii."

Hilo lilikuwa kweli. Jina lake hakulipata bure. Hakuna chupa ya mdomo mpana iliyowahi kutupwa karibu na pale bila kusimama kwanza kwa Mama Chupa kusalimia. Zilikuwa chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya mlango. Siku ile zilikuwa zimepangwa ndani ya sufuria kubwa juu ya kitambaa, zisigongane zikichemka, na moto ulikuwa chini yake.

Fundi alipita jikoni kabla ya kwenda kazini, akachungulia bakuli lililokuwa dirishani. Ndani yake mama yake alikuwa ameanza kutupia vipande vya bitiruti za kwanza, vile vilivyokatika vibaya, visivyostahili kuonekana kwenye kioo, vikiwa vimelala kwenye siki na sukari chini ya kisahani.

"Mama, umeshaweka," alisema Fundi, akacheka.

"Nimeweka nini? Nenda kazini."

"Mke wangu, sikia. Usiguse hilo bakuli. Mimi kwa bakuli hilo nilichapwa utoto mzima."

"Mimi sili bitiruti," alisema mkewe. "Zinanuka udongo."

Na ni kweli hakuwa akila. Walipokuwa bado wamepanga vyumba vyao, chupa za zawadi kutoka kwa mama mkwe zilikuwa zikiliwa na Fundi peke yake. Ni mwaka huu tu, baada ya magoti kukataa kazi, ndipo walipohamia kwa mama.

"Bitiruti hazionjwi mpaka zikae," alisema Mama Chupa, akitazama dari kama mtu anayesoma sheria iliyoandikwa huko. "Anayeonja kabla, mimi namjua."

"Utamjuaje, mama?"

"Namjua tu. Hajawahi kuniponyoka mwizi."

Fundi akacheka tena, cheko la mtu mwenye neno na amelimeza, akabeba begi lake la vifaa akaenda zake. Mke wa Fundi alimtazama mgongoni. Kile kicheko hakikumpendeza. Mtu mwenye siri yake huona siri za wengine kila mahali, na aghalabu hukosea. Ila mara hii hakukosea.

Kazi ikaendelea. Bitiruti zilichemka na maganda yake mpaka sindano ya kufumia ikapita katikati kama inapita kwenye sabuni. Alizitoa, akazitumbukiza kwenye maji baridi, akazivua kwa vidole gumba, na ngozi ikatoka nzima kama soksi. Mikono yake ikawa myekundu mpaka viwikoni. Mvuke ulikuwa umejaa jikoni, na ndani ya mvuke ule ilikuwamo ile harufu ya udongo.

Sasa hapo ndipo penye mambo. Tangu mimba ile iingie, harufu ya udongo ilikuwa ikimwita kwa jina. Mvua ikinyesha alisimama mlangoni akiivuta puani kama mvuta tumbaku. Wiki iliyotangulia alikuwa amekinusa chungu cha maua cha jirani mpaka jirani akatokea, ikabidi ayasifu maua. Na sasa udongo wote ule, mtamu, wa moto, uko mikononi mwake, na pembeni pana siki. Mate yalimjaa mpaka akawa anameza bila kula.

Mama Chupa aliinuka. "Naenda kujinyoosha kidogo," alisema. "Ukimaliza kukata niite tuchemshe siki. Na dirisha liache wazi."

Alitoka akiburuta kandambili, akafunga mlango wa chumba chake kwa sauti ya kutosha, ili kila mtu ajue umefungwa.

Mke wa Fundi alikata. Alikata kwa unyoofu kwa muda. Kisha akasogea dirishani kuangalia kama kisahani kimekaa sawa. Kilikuwa sawa. Akakinyanyua ili akikalishe sawa zaidi, na alipokinyanyua kipande kimoja kikawa juu ya wenzake, kimejitenga, kama kinachomsubiri. Akakila.

Wanaojua hamu ya mimba hawahitaji kuelezwa, na wasioijua hawataelewa hata wakielezwa. Kile kipande kilimfikia mpaka visigino. Akala cha pili kuhakikisha cha kwanza hakikuwa bahati. Akala cha tatu kwa sababu cha pili kilikuwa kidogo. Alikula amesimama, shingo imepinda kuelekea mlangoni, na alipokuja kuwa na akili yake tena bakuli lilikuwa limeshuka kama mto wakati wa kiangazi. Akavipanga vilivyobaki kwa kuvisimamisha ubavu, vionekane vingi. Akarudisha kisahani. Akapangusa midomo, akanawa, akarudi kwenye kisu na uso wa mtu ambaye hajawahi kuonja hata chumvi.

Mama Chupa aliporudi alipita karibu na dirisha, akalitupia bakuli jicho moja fupi, akakaa.

"Kunywa maji, mwanangu," alisema. "Jikoni kuna joto."

"Sina kiu, mama."

"Kunywa. Mtu anayesimama kutwa bila maji anakauka kama dagaa."

Akanywa. Baadaye akaletewa chai. Kisha maji tena. Mama Chupa hakuwa mtu wa kuhudumia watu akiwa na magoti mazima, seuze haya mabovu, na kila bilauri iliyofika ilimwongezea Mke wa Fundi wasiwasi. Anajua, aliwaza. Ameona nimelegea, ameona nimebadilika rangi, ameshajua, na jioni muuza sabuni atajua.

Wakachemsha siki na sukari na chumvi, na karafuu ndani yake. Wakazijaza chupa zikiwa za moto na siki ikiwa ya moto, vipande kwanza, siki juu yake, mpaka vikafunikwa. Akapangusa midomo ya chupa kwa kitambaa safi, akafunga vifuniko. Mama Chupa alikuwa na furaha ya ajabu. Aliimba kidogo. Chupa zilipoanza kupoa na vifuniko kujivuta ndani, kimoja kimoja, tik, tik, aliinamisha kichwa kwa kila mlio kama mwalimu anayesikia darasa likijibu.

Mgongo ulikuwa umeanza kumuuma Mke wa Fundi, chini kabisa, kiunoni. Ni kusimama, alijiambia. Kila anayesimama hivi anaumwa. Lakini alikumbuka kwamba na mara ile alisema ni kusimama.

Akaenda chooni.

Alijisaidia, akainuka, akageuka kutazama kama desturi yake, na maji yaliyokuwa ndani ya kile choo cheupe yalikuwa mekundu.

Wewe uliyewahi kula bitiruti umeshacheka. Usicheke. Yeye hakuwahi. Hakuna aliyemwambia, na wala si jambo ambalo mtu huliwazia mwenyewe akiwa amesimama chooni na hofu ya mwaka mzima. Hakuona bitiruti pale. Aliona ile asubuhi nyingine.

Alishika ukuta. Akatazama nguo yake ya ndani, ilikuwa safi. Akajipangusa, karatasi ikatoka na rangi ya waridi. Nguo safi akaisahau, akaishika ile karatasi. Alitaka kujitazama mikono, ila mikono ilikuwa myekundu tangu asubuhi, haikuweza kumwambia lolote. Akavuta maji, kisha papo hapo akajuta, maana sasa hakukuwa na cha kutazama tena, na pengine aliona vibaya. Akasubiri maumivu. Kiuno kiliuma kama kilivyokuwa kikiuma, hakikuzidi, hakikupungua, na hilo nalo likamtisha.

Ndipo likamjia neno la asubuhi. Anayeonja kabla, mimi namjua.

Mtu akiwa na hofu huamini lolote lililo karibu, na lililokuwa karibu ni bakuli. Niliiba, aliwaza. Nilikuwa na kitu cha Mungu tumboni, nikaenda kuiba vipande vya mama wa watu, na mama alishasema.

Nje ya mlango, Mama Chupa alikuwa amesogeza kiti chake kwenye ujia. Mkono mmoja alishika kifuniko cha sufuria, mkono wa pili mwiko, na uso wake ulikuwa umejaa kicheko mpaka masikioni. Hii ilikuwa desturi ya nyumba, na hapana budi niwaeleze. Tangu watoto wake wakiwa wadogo, mwizi wa bitiruti alijulikana chooni. Aliyekula lazima atoe rangi, aliyetoa rangi lazima apigiwe kifuniko. Na kwa kuwa mtego ukielezwa hauwi mtego tena, hakuambiwa mtu yeyote aliyeingia nyumba ile kwa ndoa mpaka anaswe kwanza. Mume wa binti yake alinaswa mwaka wake wa kwanza, akatoka chooni suruali nusu akiomba apelekwe hospitali, na hadithi hiyo ilikuwa ikisimuliwa kila wakikutana, na kila ikisimuliwa suruali ilizidi kushuka. Mkaza mwana huyu peke yake ndiye alikuwa amebaki. Asiyekula hanaswi. Mama Chupa alikuwa amemsubiri kwa subira ya paka.

Mlango ukafunguka. Kifuniko kikapanda juu.

"Mama," alisema Mke wa Fundi. "Inatoka tena."

Mwiko ulibaki hewani. "Inatoka nini?"

"Kama mara ile. Damu."

Ilimchukua mzee muda. Aliisikia damu kwanza, na midomo yake ikaanza kucheka kwa mazoea. Kisha akaisikia mara ile. Kisha likamfikia lile neno tena. Kicheko kikakatika katikati kama redio iliyokatiwa umeme.

"Una mimba," alisema.

"Nilikuwa nayo."

Mama Chupa alikiweka kifuniko sakafuni polepole, kisitoe mlio. "Kaa hapa. Kaa kwenye kiti changu. Mwanangu, nikuulize neno moja na unijibu kweli. Umekula bitiruti?"

Na hapo, jamani, ndipo ilipobaki kidogo mambo yaharibike kabisa. Ingekuwa wewe ungesema ndiyo, yakaisha. Lakini yeye alikuwa ameshajihukumu kwa kosa hilo dakika hiyo hiyo, ndani ya choo, peke yake, na aliyemuuliza ni mwenye mali. Aliona swali lile ni kesi inafunguliwa.

"Sijala," alisema.

"Hata kipande?"

"Mimi sili bitiruti, mama. Unajua."

Alimwona Mama Chupa akibadilika. Alikuwa hajawahi kumwona mzee yule akiogopa, hata kwenye misiba hakuogopa, na sasa aliona uso ule ukilegea na kuzeeka pale pale, macho yakitafuta pa kushika. Huenda ni panya waliokula bakuli, aliwaza mzee, huenda mwanangu alirudi kisirisiri, basi ile ni damu ya kweli, na mimi nimekaa mlangoni na mwiko.

"Viatu," alisema Mama Chupa. "Tunakwenda hospitali. Usiiname, nakuvisha mimi."

Akapiga magoti. Yale magoti. Akamvisha kiatu cha kushoto mguu wa kulia, akakivua, akakivisha upya, na muda wote alikuwa akinong'ona, "Polepole, polepole," ingawa aliyekuwa na haraka ni yeye. Akatafuta pochi yake akaikuta shingoni. Akatoka na kandambili, moja yake na moja ya Fundi.

Walifika getini. Mke wa Fundi alikuwa ameshikwa kiunoni kama chupa ya moto. Alitazama chini, akaziona zile kandambili mbili zisizofanana, na ile kubwa ilikuwa ikimponyoka mzee kila hatua, na mzee haoni. Akashindwa kuendelea.

"Mama. Nikikuomba msamaha, hili litaondoka?"

"Msamaha wa nini? Twende."

"Ulisema anayeonja utamjua." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilionja. Nilikula karibu bakuli zima, nikavisimamisha vilivyobaki ubavu. Ulisema utanijua. Ndiyo hii? Ndivyo ulivyonijua?"

Mama Chupa alisimama. Akamtazama. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, hakikutoka kitu.

Alikaa chini. Si kwenye kiti, chini kabisa, kwenye saruji ya getini, miguu mbele kama mtoto. Mke wa Fundi alidhani ameanguka.

"Ni bitiruti," alisema mzee.

"Nini ni bitiruti?"

"Hiyo rangi. Ukizila, zinatoka hivyo. Kila mtu humu anajua. Ni mchezo wetu. Ni mchezo wangu." Alijifuta uso kwa kiganja chenye wekundu, akabaki na mstari shavuni. "Nilikuwekea mtego, mwanangu. Nilikunywesha maji yale yote ili uende chooni mapema. Nilikuwa na mwiko."

Mke wa Fundi hakucheka. Alihitaji kuisikia tena, na mzee akaisema tena, na mara ya tatu. Kila aliposema, kitu kilitaka kulegea ndani ya kifua cha binti yule, kisha kikajizuia.

"Una hakika?"

Hapa Mama Chupa angeweza kudanganya. Alikuwa stadi wa hilo.

"Kuna watu wanakula na hawatoi rangi," alisema. "Dada yangu hatoi hata ale gunia. Wewe sijui uko upande gani, maana sijawahi kukuona ukila. Naona ni bitiruti. Kwa bakuli zima, naona ni bitiruti. Tumbo linauma?"

"Kiuno."

"Kama mara ile?"

Alifikiri. "Mara ile kilikuja na kwenda. Hiki kimekaa tu."

"Hicho ni cha kusimama kutwa. Na aliyekusimamisha ni mimi." Mzee alishika nguzo ya geti, akajivuta, akashindwa, akanyanyuliwa. "Sikia. Rangi ya shamba huondoka yenyewe, kila ukienda inapungua. Damu ikianza huongezeka. Turudi ndani, unywe maji, tutazame pamoja. Ikiongezeka kitone kimoja, au tumbo likikata, nakubeba mgongoni mpaka hospitali. Isipoongezeka, kesho zahanati ikifunguliwa tunakwenda akupime nesi. Tutasema tumepeleka presha yangu."

"Tutasema kwa nani?"

"Kwa mwanangu. Kwa kila mtu. Nilikuumiza mara ile, kwa mdomo. Muuza sabuni aliniambia mwenyewe, akicheka, kwamba ulimwambia mtoto hajambo. Sikuweza kulala. Nilidhani utaniambia siku moja, nikuombe radhi. Hukuniambia, na mimi nikaona afadhali."

Mke wa Fundi akamvua ile kandambili kubwa, wakarudi.

Wakakaa jikoni kungoja, na kungoja kuna kazi yake. Chupa zilikuwa zimepangwa mezani, nyekundu kama taa za hatari. Mke wa Fundi alikunywa, akaenda, akarudi. "Vile vile," alisema. Akanywa, akaenda. Mama Chupa alimsindikiza kwa macho mpaka mlango wa choo, akamngoja kwa macho, akampokea kwa macho. "Vile vile. Au naona mimi. Sijui, mama, nimetazama sana, sijui tena nyekundu ni ipi."

Mzee akainuka, akashika chupa iliyokuwa bado na uvuguvugu, akaifungua. Kifuniko kikalia kwa kuudhika. Akachukua uma.

"Unafanya nini?"

"Nakula."

"Rangi yako haitakuwa yangu, mama. Umesema mwenyewe."

"Najua. Lakini kukaa hivi mikono mitupu siwezi."

Alikuwa amefika katikati ya chupa wakati wifi alipoingia. Wifi ni dada yake Fundi, msusi, mke wa yule mwenye suruali, na alikuwa amekuja na vyombo vitupu kuchukua fungu lake. Wanawake nusu ya mji walikuwa wameinamisha vichwa mapajani mwake, na hakuna mimba iliyompita. Alizijua kwa nywele, alisema, kabla mwenye nywele hajajua.

"Mama, umefungua?" alisema. "Hazijakaa."

"Mimi nimekaa vya kutosha kwa niaba yao."

Wifi akacheka, akageuka, akaona dirisha. Akanyanyua kisahani. Akatazama vile vipande vichache vilivyosimama ubavu kama wanajeshi waliobaki vitani, na macho yake yakaangaza.

"Na huku nani kapita? Mama, usiniambie." Akamgeukia Mke wa Fundi polepole, akimtazama mdomo, kisha shavu, kisha, kwa mazoea ya kazi, nywele. "Wifi yangu. Si wewe ndiye huli bitiruti? Si wewe unasema zinanuka udongo? Leo umeanza kupenda udongo?"

Mke wa Fundi alishikilia ukingo wa meza. Alijua swali linalofuata. Hatua moja tu ilikuwa imebaki, na wifi alikuwa amekwisha nyanyua mguu.

"Ni mimi," alisema Mama Chupa.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyekula. Bakuli zima. Usimtazame mwenzio, ana kichwa kinamuuma kutwa."

"Wewe? Uliyemfukuza kaka mpaka kwa jirani kwa kipande kimoja?"

"Mimi huyo huyo."

"Uliyemwaibisha mume wangu mbele ya wazee?"

"Nilikuwa na njaa. Ukizeeka utaona. Na kama huamini, kaa hapa, nitakwenda chooni kwa mlango wazi."

Wifi hakuhitaji zaidi. Alikuwa ameshatoa simu. Alimpigia mumewe kwanza, kwa haki yake, na kutoka ndani ya simu kilisikika kicheko cha mtu aliyekisubiri kwa miaka. Kisha akampigia shangazi. Kisha binamu. Kila mmoja aliombwa akae kitako kwanza. "Mama mwenyewe," alikuwa akisema, "mama mwenyewe, mshtaki na hakimu, tumemkuta na uma mkononi." Mama Chupa aliketi katikati ya kelele zile ameshika chupa yake, amekaza mdomo. Ndani ya mdomo ule mlikuwa na habari ambayo ingenyamazisha simu zote, na Mke wa Fundi aliiona ikipanda kooni, ikishushwa, ikipanda, ikishushwa. Shavu lilimtetemeka. Akalitia kipande kingine.

Mke wa Fundi alinyanyuka taratibu, akaenda. Alikaa ndani zaidi ya mara zote. Alitazama, akasogea upande ili taa isimdanganye, akatazama tena.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa ameshainua macho.

"Vipi?"

"Inapungua," alisema Mke wa Fundi. "Naona inapungua."

Mzee alimmiminia bilauri nyingine. Ikajaa, maji yakamwagika mezani kati ya chupa.

"Nini kinapungua?" aliuliza wifi, simu ikiwa sikioni.

"Maji ya bomba," alisema Mama Chupa. "Endelea na watu wako."